Kuchora ua la bamia kwa ajili ya sayansi

Ua la bamia hufunguka asubuhi, na alasiri limeshanyauka. Kwa hiyo anza na ua. Jani, shina na tunda vitakusubiri. Kata tawi mapema, lichomeke kwenye chupa ya maji, uliweke kivulini. Tafuta maua matatu, maana moja utalipasua.

Kabla penseli haijagusa karatasi, hesabu. Petali, yaani vipande vya rangi vya ua, ni 5. Chini ya ua kuna vijani vyembamba ambavyo idadi yake hubadilika, hivyo hesabu vya maua yote uandike pembeni. Stameni, sehemu za kiume zenye chavua, zimeshikana kuwa mrija mmoja, na shingo ya pistili, sehemu ya kike, hupenya katikati yake. Hapo ndipo wengi huharibu: huchora stameni zilizo huru kama za mpera, kwa sababu ndivyo mkono ulivyozoea.

Kuchora kwa mazoea au kwa kunakili picha ya mwenzako ni ugonjwa wa zamani. Mwaka 1515 mchoraji Albrecht Dürer, akiwa Nürnberg, Ujerumani, alichora kifaru aliyefikishwa Lisbon kutoka India. Hakumwona, alitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akampachika kijipembe mabegani. Wachoraji wa Ulaya wakanakili pembe hiyo hadi karne ya 18.

Pima kwa bikari yenye ncha mbili, si kwa jicho, kisha chora kwa penseli ngumu ya 2H, mara mbili ya ukubwa halisi. Ukimaliza umbo, pasua ua kwa wembe mpya, kuanzia kikonyo kwenda juu, kwa mkato mmoja. Wembe butu hukandamiza ovari, kifuko cha mbegu, na kusogeza mbegu changa. Nusu uliyopasua ilaze juu ya karatasi laini yenye unyevu, la sivyo itajikunja ukiwa bado unapima.

Sasa wino. Mchoro ukipunguzwa nusu wakati wa kuchapwa, mstari wa milimita 0.2 unabaki 0.1 na hukatikakatika. Tumia 0.3 kwa mistari ya ndani na 0.5 kwa kingo. Kivuli kiweke kwa nukta, mwanga ukitoka juu kushoto; simamisha kalamu wima, ukiilaza nukta huota mkia. Lile doa jekundu lililokolea kwenye kitako cha petali liache wazi. Ukilijaza nukta, msomaji atadhani ni shimo. Rangi itajwe kwenye maelezo.

Usiandike “mara 2” chini ya mchoro, kwani ukipunguzwa maneno hayo yanakuwa uongo. Chora mstari wa kipimo, kwa mfano unaowakilisha sentimita 1 ya ua halisi; wenyewe hupungua pamoja na picha.

Tawi lile lile likaushe kati ya magazeti, ukiyabadilisha kila siku, lipe namba, na namba hiyo uiandike nyuma ya mchoro pamoja na tarehe na mahali. Tunda lipasue kwa urefu kwanza; likibaki zima huota ukungu na kuambukiza majani.