Jibu: Mvua za masika na samaki wa Ruvu

Mkuu, umeuliza kwa nini perege walikukataa kabisa Jumamosi baada ya mvua, wakati jirani yako ukingoni mwa Mto Ruvu alikuwa anatoa kambale tu. Jibu liko kwenye tope. Perege anategemea sana macho. Maji ya Ruvu yakishakuwa kama chai ya maziwa, hakioni chambo chako. Kambale hana shida hiyo. Anatafuta kwa harufu na kwa zile sharubu zake, tena mvua ndiyo msimu wake wa kuzaa: maji yakipanda anatoka mtoni kufuata majani yaliyofurika pembeni, pengine kina cha magoti tu.

Kwa hiyo usitupe katikati. Mkondo utakubebea mshipi na ndoano itanasa kwenye magogo. Tupa karibu na ukingo, kwenye kona maji yanapotulia, au pale kijito kinapoingia mtoni, maana mvua inasomba minyoo na wadudu hadi hapo. Ongeza chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi), weka nyungunyungu au utumbo wa kuku, chambo kilale chini. Perege wasubiri maji yaanze kusafika.

Manyunyu mimi nayapenda. Radi ikinguruma nakunja vitu naondoka. Na Ruvu ina mamba, nakuomba sana usiingie kwenye maji ya tope kufuata ndoano iliyonasa.

Kuhusu kuvua Mto Msimbazi, ule wa Dar es Salaam, kwa vile ni karibu na kwako: hapana. Mvua inasombea humo uchafu wa mitaa mingi ya jiji. Samaki wa pale usiwalishe watoto.