Miwani ya uhalisia pepe au tyubu ya baiskeli?

SWALI: Nafundisha wanafunzi 42 wa afya ya mifugo hapa Tabora mjini, na ng'ombe wa mazoezi ni wawili tu. Kila tukijifunza kutoa damu kwenye mshipa wa shingo, ng'ombe hao hao huchomwa mpaka shingo zinavimba. Tumepata fedha kidogo. Tununue miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mvaaji picha za kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, au kuna njia nyingine?
Mkufunzi, Tabora

JIBU: Kwa kazi hiyo, mwalimu, miwani iacheni kwanza. Itamwonyesha mwanafunzi mshipa vizuri sana, ila hatausikia chini ya kidole, na kutoa damu ni kazi ya kidole. Daktari wa mifugo Sarah Baillie alipobuni ng'ombe wa kompyuta kule Glasgow, Uskoti, wa kufundishia kupima mimba kwa mkono, alitumia mashine inayokisukuma kidole cha mwanafunzi kila anapogusa mfuko wa uzazi, huku mwalimu akifuatilia kwenye skrini. Mashine ya namna hiyo ni ghali. Shingo ya bandia mtaitengeneza wenyewe.

Chukueni ubao wa sentimita 60 kwa 20, mtandike sponji ya godoro na kuichonga mfereji katikati. Lazeni humo tyubu kuukuu ya baiskeli, ambayo ikijaa maji unene wake haupishani sana na mshipa wa ng'ombe mzima, kisha funikeni kwa reksini ya makochi. Upande wa kichwa, mdomo wa tyubu uvikwe kwenye shingo ya chupa ya lita 1.5 iliyokatwa kitako na kupinduliwa, kizibo chake kikiwa kimetobolewa kwa msumari wa inchi 3. Kazeni kwa ukanda wa mpira. Maji yatieni rangi kwa rosela iliyochemshwa.

Upande wa kifua acheni wazi, maji yaingie kwenye beseni. Wengi huuziba, na hapo ndipo wanapoharibu: mshipa unakuwa umejaa muda wote, na mwanafunzi hajifunzi kubana. Ukiwa wazi, tyubu inalegea mpaka aibane kwa dole gumba upande huo wa kifua. Inavimba taratibu, ndipo achome. Mwenzake awe anarudishia maji kwa kikombe.

Chupa isizidi sentimita 30 juu ya ubao. Ikipanda zaidi, "damu" inaruka, na kwa ng'ombe hai damu nyekundu inayoruka ni dalili ya kutoboa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, iliyo chini ya mshipa huo. Msiwazoeshe kuiona ni kawaida.

Sindano iwe geji 18 (kipimo cha unene) ya inchi 1.5, mdomo uliochongwa utazame juu, mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Badilisheni kila baada ya michomo 10 hivi, kwa sababu sindano butu humfundisha mwanafunzi kusukuma kwa nguvu, nayo hutokezea upande wa pili. Simu iwekwe ubavuni irekodi kwa mwendo wa polepole. Kosa la mteremko huonekana papo hapo. Tyubu ikianza kuvuja, izungusheni kidogo mpate sehemu mpya.

Shingo hii haitikisi kichwa, kwa hiyo kufunga hatamu na kugeuza kichwa pembeni bado mtajifunzia kwa ng'ombe mwenyewe. Mwanafunzi aende huko akishapata mara tano mfululizo kwenye ubao, na achome mara mbili tu. Akikosa, ampishe mwenzake.