Nyaya ndani ya usukani wa pikipiki: nitoboe wapi, na niweke waya gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina CG 125 ya Kichina ninayoibadilisha iwe ya matembezi: usukani mfupi, taa ndogo. Nimenunua usukani wa alumini wa milimita 22 na sitaki waya hata mmoja uonekane nje. Fundi wa jirani anasema atatoboa tundu la milimita 12 pembeni ya kibano kinachoshika usukani, apitishe nyaya zote humo. Je, ni salama? Na nitumie waya wa aina gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwambie jirani yako aweke drili chini kwanza. Tundu la milimita 12 kwenye bomba la milimita 22 limekula zaidi ya nusu ya upana wake. Tena pembeni ya kibano ndipo usukani unapokunjwa kwa nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukishika breki au ukiingia shimoni, uzito wako wote unaishia pale. Chuma kikizidiwa mara nyingi hupinda, ukaona. Alumini huchoka kimyakimya: ufa mdogo huanzia kwenye ukingo wa tundu, unakua kila siku, na siku ya kukatika haitoi taarifa. Kwa hiyo usukani wa alumini ambao haukutobolewa kiwandani, mimi siutoboi, hata mteja akinibembeleza.

Tafuta usukani wa chuma, au ulionunuliwa ukiwa na matundu yake tayari. Baadhi ya pikipiki za Harley-Davidson hutoka kiwandani nyaya zikiwa ndani, lakini usukani wao ni mnene zaidi, milimita 25.4, na matundu yake yamepigiwa hesabu kiwandani.

Kwenye chuma, toboa matundu matatu madogo. Moja liwe chini, katikati kabisa baina ya vibano viwili, hapo nyaya zitokee kuelekea shingo ya pikipiki. Mengine mawili yawe chini ya boksi za swichi, kushoto na kulia, ambako mkunjo ni mdogo na boksi yenyewe inalifunika tundu. Upande wa kulia hakikisha tundu haliingii chini ya mkono wa resi. Mkono huo unazunguka juu ya bomba, na waya ukibanwa hapo, resi inaweza kugoma kurudi.

Milimita 7 au 8 zinatosha. Chukua nyaya saba zenye unene wa milimita 1.6 pamoja na ganda lake: moja katikati, sita zikiizunguka. Fungu lote halifiki milimita 5. Ukiona haliingii, refusha tundu kwa tupa kufuata urefu wa bomba, ncha zibaki za mviringo. Usilitanue kwenda pembeni.

Sasa ukingo. Hapa ndipo kazi nyingi nilizozirekebisha zilipoharibikia. Kuna kijana aliniletea pikipiki iliyokuwa ikizima kila akikata kona ya kushoto. Kwingine kote inakwenda vizuri. Nilipovuta nyaya nikakuta mmoja umechubuka sehemu ndogo kama punje ya mchele, shaba imeanza kuwa kijani, na tundu lake bado lina makali ya drili upande wa ndani. Ulikuwa waya wa kuzimia injini. Kwenye CG nyingi za Kichina waya huo unatoka kwenye CDI, kile kiboksi kinachoendesha cheche ya plagi, na swichi inazima injini kwa kuugusisha na bodi, yaani hasi. Usukani nao ni bodi. Fikiria injini inazima hivyo wakati unalipita lori.

Kwa hiyo piga tupa ya mviringo nje na ndani, malizia kwa msasa, ingiza kijiti cha pamba: pamba ikinasa, rudia. Pulizia chenga zote zitoke. Kila tundu livae mpira wake, na nyaya zenyewe zivae mpira unaosinyaa kwa joto mahali zinapopita kwenye ukingo.

Waya uwe wa magari, wa nyuzi nyingi, milimita za mraba 0.5. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usiuguse. Mtikisiko wa injini utaukata ndani ya ganda na hutaona kitu. Usiunge waya wowote ndani ya bomba.

Jambo ninalokusisitizia zaidi ni umeme unaopita humo. Taa ya wati 60 kwa volti 12 inavuta ampea 5. Weka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, karibu na taa, waya wa usukani ubaki na kazi ya kuamsha rilei tu, na hiyo haivuti hata robo ya ampea. Lakini pima kwanza: pikipiki nyingi ndogo taa kubwa haitumii betri, inalishwa moja kwa moja na magineto, yaani kizalisha umeme kilicho kwenye injini, na hapo rilei ya kawaida lazima ipate umeme wake wa betri. Nyaya zinazotoka kwenye betri zipitie fyuzi kabla hazijaingia kwenye usukani.

Kupitisha, vua usukani uweke mezani. Ingiza waya wa ndani wa breki ya baiskeli, ufunge fungu la nyaya kwa tepu iliyochongoka kama penseli, paka poda ya mtoto, vuta taratibu. Plagi zivuliwe, zirudishwe baadaye. Ukilazimisha kwa koleo umeshachubua.

Kabla ya kuunga betri wala swichi, weka multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye mlio: ncha moja kwenye chuma kitupu cha usukani, nyingine kwenye kila waya. Ikilia hata mara moja, vuta fungu lote uanze upya. Ukishafunga, acha ulegevu shingoni, washa injini pikipiki ikiwa imesimama, zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Resi isipande, honi isilie yenyewe. Honi ikilia kwenye kona, waya wake umeshagusa chuma.

Ukipata usukani wa chuma, nitumie picha ya lile tundu la katikati kabla hujapitisha waya wowote. Nataka niuone ukingo wake.