Moto Mmoja wa Jiko la Kioo Haushiki: Je, Elementi Imekufa?

SWALI: Mafundi, salaam aleikum. Jiko langu la umeme la kioo lina mioto minne. Ule mkubwa wa mbele haushiki kabisa, mitatu iliyobaki ni mizima. Fundi aligeuza knobu mara mbili akasema elementi imekufa, ninunue nyingine. Nitajuaje kama kweli? – Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Usinunue kitu kabla hakijapimwa. Umeme hupita kwenye swichi iliyo nyuma ya knobu, kwenye ncha za nyaya, ndipo ufike kwenye elementi, ile duara yenye msokoto wa waya unaotoa joto chini ya kioo. Popote ukikatika, dalili ni moja: moto haushiki.

Zima swichi ya jiko ukutani, zima na meni ya nyumba, jiko lipoe. Fungua skurubu, inueni kioo watu wawili, kilazeni juu ya taulo. Hakikisha kwa tesa, kile kijaribio cha umeme, kwamba hakuna waya wenye umeme, kisha zipige picha nyaya zote kabla hujachomoa hata mmoja.

Kwetu pwani, anza na ncha za nyaya. Hewa ya chumvi huzila. Ncha yenye kutu ya kijani, au iliyoungua ikawa nyeusi, haishiki vizuri. Hupata joto, hulegea, huungua zaidi, mwishowe hukata. Kata kipande kilichoungua, tia ncha mpya ya kuhimili joto na uibane kwa koleo. Usichomelee kwa risasi, itayeyuka. Wala usiunge waya wa kawaida wa nyumba, maana plastiki yake haihimili joto la humo. Tafuta wenye ganda la silikoni.

Ncha zikiwa safi, chomoa nyaya za elementi uipime kwa multimita, kipimo cha umeme, ikiwa kwenye omu (ukinzani). Ya wati 1800 kwa volti 240 isome karibu omu 32. Ya wati 1200, karibu 48. Isiposoma kitu, pima msokoto wa waya peke yake, ukikiruka kile kijiti kinachokatiza duara. Kazi ya kijiti ni kukata umeme kioo kikizidi joto. Msokoto ukisoma, kibovu ni kijiti. Nao usiposoma, umekatika. Mara nyingi ukimulika tochi utaliona pengo lenyewe.

Elementi ikiwa nzima, ipime swichi: knobu ikiwa juu kabisa, kila jozi ya ncha za kuingia na kutoka isome karibu omu sifuri. Isiposoma hivyo, badilisha swichi, elementi iache.

Ikibidi kununua elementi, nenda dukani na ile kuukuu mkononi. Kipenyo, wati, volti na idadi ya ncha vilingane. Wati zikizidi, swichi huweza kuungua. Wakati wa kufunga, ukingo wa elementi ukae sawa chini ya kioo, na waya wa ethi, ule wa usalama unaoelekea ardhini, urudi mahali pake. Kioo kikiwa na ufa, jiko lisiwashwe: maji yakipenya yatafika kwenye umeme.

SWALI: Moto wangu mmoja huwaka na kuzimika wenyewe. Umeharibika? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: La. Swichi hupunguza joto kwa kuwasha na kuzima. Ila ukizimika mara kwa mara hata knobu ikiwa juu kabisa, itazame sufuria: kitako kilichobonyea hakikai sawa juu ya kioo, joto hubaki chini yake, na kijiti hukata. Jaribu sufuria yenye kitako bapa kabla ya kumwita fundi.