Barua kwa Mwanangu Kuhusu Meza ya Muziki

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika na nimeisoma kwa makini. Umeniuliza kama meza ya muziki, ile ambayo watu huweka vipande vya mbao juu yake na kuvisogeza na kuvizungusha mpaka sauti ikabadilika, inaweza kujengwa hapa nyumbani kwa vifaa vya kawaida, ili vijana wa mtaa waichezee utakapokuja likizo. Kisha ukaongeza swali la pili, ambalo naona ndilo linalokusumbua zaidi: ikiwa kishikwambi cha bei nafuu kinafanya kazi hiyohiyo, kuna haja gani ya kuhangaika na mbao na vioo? Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua meza yenyewe ijengwe vipi.

Kishikwambi ni chombo cha mtu mmoja. Mwenzako akitaka kuingiza mkono, sharti akusukume. Mezani watu wanne huweza kushika kazi pamoja kama walao sinia moja, kila mmoja akiuona mkono wa mwenzake unakoelekea kabla sauti haijabadilika. Sergi Jordà na wenzake wa Universitat Pompeu Fabra, Barcelona, walioanza kuunda meza yao iitwayo Reactable mwaka 2003, waliifanya ya mviringo makusudi, ili isiwe na upande wa mbele wala kiti cha mkubwa. Mwaka 2007 mwimbaji Björk aliichukua katika ziara yake ya muziki, na tangu hapo watu wengi wakaifahamu. Kwa hiyo, ikiwa nia yako ni kutengeneza muziki peke yako usiku katika chumba chako cha Nairobi, nunua kishikwambi na usinipotezee wakati. Ikiwa ni kwa ajili ya vijana wa hapa, meza ina sababu.

Wala usidhani kwamba chombo kigeni cha kuwekwa mezani ni jambo jipya katika muziki wetu. Tashkota unayoisikia katika tarabu ya Mombasa iliundwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na Goro Morita, ikiwa na nyuzi chache na vibonyezo mfano wa taipureta. Wanamuziki wa huku wakaitia umeme na kuipigia chakacha, na katika nyimbo za mwimbaji Zuhura Swaleh inasikika waziwazi. Leo hakuna anayeiuliza pasipoti.

Sasa tuje kwenye kazi. Kanuni yake ni rahisi: kamera hukaa chini ya meza ikitazama juu kupitia kioo, na chini ya kila kipande cha mbao hubandikwa karatasi yenye alama ya rangi nyeusi na nyeupe. Programu ya kuzisoma alama hizo inaitwa reacTIVision. Waliiandika Martin Kaltenbrunner na Ross Bencina kwa ajili ya meza ile ya Barcelona, na hutolewa bure pamoja na alama zake tayari kuchapishwa. Alama zenyewe zimechorwa kwa akili: programu haitazami umbo la nje, bali hutazama ni madoa mangapi yamo ndani ya doa lipi, jambo ambalo halibadiliki hata ukikizungusha kipande au ukikisogeza. Kila kamera inapopiga picha, programu hutoa namba ya alama, mahali ilipo na pembe iliyogeukia, na kuzituma kwa utaratibu uitwao TUIO, kwa kawaida kupitia lango namba 3333 ndani ya kompyuta yako, ambako programu ya sauti inazisubiri.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: acha projekta. Meza unazoziona kwenye video zina projekta chini, inayotupa picha za mawimbi na mistari kwenye uso wa meza, na picha hizo zinapendeza, lakini zinaburuta gharama nyuma yake. Kamera ikitazama uso uleule unaomulikwa na projekta, itaziona picha hizo pamoja na alama zako na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo huna budi kumulika kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, mara nyingi wa nanomita 850, halafu uifungue kamera, uking'oe kichujio kinachozuia infraredi na kuweka kingine kinachozuia mwanga wa kawaida. Projekta nayo inataka umbali, na umbali ukikosekana chini ya meza inataka kioo cha kujitazamia cha kuupinda mwale, na joto lake linataka feni. Hata wino unapaswa kuuchunguza, kwa sababu wino wa baadhi ya printa hauonekani mweusi mbele ya infraredi. Ukiiondoa projekta, mlolongo wote huo unaondoka nayo, na unabaki na kamera ya kawaida ya kompyuta, taa nyeupe, na alama zilizochapishwa kwa mashine ya leza katika duka lolote la kutoa nakala.

Najua utasema kwamba mpigaji atakuwa gizani, hana picha ya kumwongoza. Marehemu babu yako alipiga udi, ambao shingo yake haina vigawanyo, na kidole chake kilipata mahali pake kwa sikio. Mimi naona picha nyingi mezani huwafanya watu watazame badala ya kusikiliza, na hilo ni kosa la meza nyingi za namna hii, hata zile zilizotengenezwa kwa fedha nyingi. Ukiona baada ya mwaka kwamba bado unaitaka projekta, meza itakuwa palepale.

Adui wa kwanza wa kazi hii hapa Mombasa ni jua. Kamera inatazama juu, na mwanga wa dirishani ukipenya kwenye uso wa meza, alama huwa kivuli kitupu. Programu hujitahidi, maana huigawa picha katika vipande na kupima mwanga wa kila kipande peke yake, lakini haiwezi kushindana na saa saba za mchana. Usiiweke barazani, iweke katika chumba cha ndani, ufunge madirisha, au mcheze baada ya magharibi. Juu ya kioo tandaza karatasi nyembamba inayopitisha mwanga kiasi, ile ya wachoraji wa ramani za majengo. Kipande kikigusa karatasi, alama yake huonekana wazi. Kikiinuliwa kidogo tu, hufifia, na kamera hujua kwamba kimeondolewa.

Taa ziwe za ukanda, za volti 12, wala usiingize umeme wa volti 240 chini ya meza itakayozungukwa na watoto na vikombe vya chai. Zielekeze kwenye kuta za ndani za meza, zilizopakwa rangi nyeupe, si kwenye kioo, kwa sababu taa ikijiakisi kwenye kioo itaacha doa jeupe ambalo hakuna alama itakayosomeka ndani yake. Usizifunge kifaa cha kupunguza mwanga, kwa kuwa vingi vya hivyo huwasha na kuzima taa kwa kasi ambayo jicho halioni, lakini kamera huiona kama mistari inayotembea. Faida nyingine ya volti 12 unaijua mwenyewe: stima ikipotea, betri itaendeleza kazi.

Kuhusu mbao, sina mengi. Zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa huvimba kwa unyevu wetu, hasa wakati wa masika, kwa hiyo tumia plaiwudi nzuri. Mjombako ana masalio ya mvule kwenye karakana yake, nayo yanatosha kwa vipande vya kushika. Kioo kiwe cha milimita 6, kingo zake zisuguliwe.

Hesabu ya urefu wa meza uifanye kabla ya kukata chochote. Kamera yenye pembe ya mwono ya nyuzi 60 kwa upana, ikiwa sentimita 80 chini ya kioo, huona upana wa sentimita 92. Ikiwa picha yake ina pikseli, yaani nukta za picha, 640 kwa upana, unapata karibu pikseli 7 kwa kila sentimita, na alama ya sentimita 8 itakuwa na pikseli 56 hivi, ambazo zinatosha kusomeka. Ukitaka alama ndogo zaidi, punguza meza au tafuta kamera yenye picha kubwa zaidi. Usitarajie muujiza wa tatu. Nilifundisha fizikia miaka mingi, na ninakuomba usikadirie kwa macho jambo ambalo penseli inaweza kukuambia.

Kuna kuchelewa pia, na hapa nataka uwe mkweli kwa wale vijana. Kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde huacha milisekunde 33 kati ya picha na picha, muda ambao sauti husafiri kiasi cha mita 11 hewani. Ukiongeza muda wa programu kuchambua na wa kadi ya sauti kutoa, mpigaji wa dumbaki ataudhika. Kamera ya picha 60 hupunguza pengo hilo kwa nusu. Hata hivyo meza hii haifai kupigwa kama ngoma. Mdundo ushikwe na kompyuta, mikono ya watu iubadilishe: ipunguze mapigo, iongeze, ihamishe mkazo.

Kwa upande wa sauti, tumia Pure Data, programu ya bure iliyoanzishwa na Miller Puckette, ambayo huunganisha visanduku kwa mistari bila kuandika msimbo mrefu. Na hapa ndipo meza yako inaweza kuwa na lake la kusema, badala ya kuwa nakala ya ile ya Barcelona. Kinanda cha kawaida hakina robo toni, yaani sauti iliyo katikati ya vibonyezo viwili vinavyofuatana, nasi maqamu zetu, zile ngazi za nota za tarabu, zinaihitaji. Katika Pure Data nota ni namba, kila kibonyezo cha kinanda kikiwa na yake, na namba inaweza kuwa na desimali. Maqamu ya Rasti ikianzia Do, nota yake ya tatu haikai kwenye 63, ambayo ni hezi 311 (mitetemo 311 kwa sekunde), wala kwenye 64, ambayo ni hezi 330, ukiandika 63.5 unapata hezi 320 hivi, mahali ambapo kinanda hakina kibonyezo. Wapigaji wazuri huisogeza kidogo juu au chini kwa hisia, na meza inaweza kukupa nafasi hiyohiyo ikiwa utaruhusu kipande kikisogezwa kiivute nota kidogo.

Anza na vipande vinne. Kimoja kishike mdundo wa chakacha, na kukizungusha kuongeze au kupunguze mapigo. Kimoja kiwe sauti ya nyuzi, ambayo mahali pake mezani huamua nota. Cha tatu kiwe besi. Cha nne kisitoe sauti yoyote: kikiwekwa mezani, kibadilishe maqamu ya vyote vingine, kutoka Rasti kwenda Bayati, na kikiondolewa, virudi. Hicho cha nne ndicho kitakachoufanya mchezo uwe muziki, kwa sababu anayekishika anawagusa wote, na itabidi awasikilize kabla ya kukiweka.

Mambo matatu yatakukera mwanzoni. Mkono ukipita haraka, picha hufifia na alama hupotea kwa muda mfupi, na sauti hukatika. Iambie programu isubiri kiasi cha milisekunde 200 kabla ya kuamini kwamba kipande kimeondoka. Pembe nayo huruka kutoka 360 kurudi sifuri, kwa hiyo ukiifunga moja kwa moja kwenye ukubwa wa sauti, sauti itazimika ghafla pale mtu anapotaka iwe juu kabisa; hesabu mabadiliko ya pembe badala ya pembe yenyewe, na uyawekee kikomo juu na chini. Na thamani yoyote inayofika kwenye sauti ipite polepole, kwa milisekunde 30 hivi, la sivyo utasikia mikwaruzo kila kipande kinaposogezwa.

Ufuate mpango huu. Kabla hujaja, andika sehemu ya sauti na uijaribu kwa kompyuta pekee. Kuna programu ya kuigiza meza, ambamo unasogeza alama kwa kipanya na ujumbe uleule wa TUIO unatoka. Sauti isipokupendeza hapo, kioo hakitaitengeneza. Kisha pima pembe ya kamera yako: iweke mbele ya ukuta, pima umbali na upana inaouona, unitumie namba hizo mbili. Mjombako amekubali kukata mbao, lakini hatakata hata ubao mmoja mpaka nimpe urefu wa miguu, na urefu huo unatoka kwako.

Wasalaam,

Mamako