Breki za Land Rover 109: fungua kwanza, spea baadaye

Tangu lile tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, kila mwenye 109, ile Land Rover ndefu ya zamani (namba ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), iliyolala uani anataka kuifufua. Jambo zuri. Ila wengi wanaanza na rangi, wanahamia kwenye viti, breki zinakuja mwisho, tena pesa ikiwa imeshakata. Wakifika hapo wanaingia dukani na orodha waliyopewa na jirani. Mimi nasema vua magurudumu yote manne, fungua dramu zote, yaani vile vyungu vya chuma vinavyozunguka na gurudumu, ukishaona kilichomo ndipo uandike orodha.

Sababu ya kwanza ni kwamba gari hizi zimepita mikono mingi. 109 ya Series IIA au III ina dramu za inchi 11, na mbele kila breki shuu (kile chuma cha nusu duara kinachobana dramu kwa ndani) ina wili silinda yake, ile pampu ndogo inayoisukuma, maana yake silinda mbili kwa gurudumu moja. Nyuma ni moja. Ile fupi, 88, nyingi zilitoka na dramu za inchi 10, na spea zake haziingiliani na za 109. Sasa ongeza miaka 40 ya mafundi wa njiani. Nimewahi kufungua paipu ya gurudumu la nyuma nikakuta golori imesukumiwa ndani: silinda ilivuja, mtu akaziba njia, gari likaendelea na breki tatu hadi likauzwa. Ungemfungia huyo breki shuu mpya nyuma, zingekaa mpya mpaka kiama.

Ukishavua dramu, usikimbilie kupuliza vumbi kwa kompresa. Lainingi za zamani, yaani ile ngozi ngumu ya breki shuu inayosuguana na dramu, zilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake linaua mapafu polepole. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe kikiwa bado kibichi. Kisha angalia unyevu. Ukikuta oili nzito yenye harufu kali, hiyo inatoka kwenye difu (gia za ekseli), imepita oili sili ya habu, ile raba inayozuia oili isifike gurudumuni. Ukikuta majimaji mepesi yaliyobabua rangi, hayo ni mafuta ya breki, wili silinda imechoka. Magonjwa mawili tofauti, na breki shuu mpya haziponyi hata moja. Zile habari za kuosha breki shuu kwa petroli na kuzichoma moto zikauke hazisaidii: ukishika breki mara kadhaa dramu ikapata joto, oili iliyojificha inatoka tena juu.

Dramu nazo pitisha kidole ukingoni. Kama kuna ngazi, ipeleke ikachongwe, na mwenzake wa upande wa pili pia, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Kwa breki shuu, kupiga lainingi mpya kwenye vyuma vya zamani si vibaya, wapo mafundi wanaoifanya kazi hiyo vizuri sana. Kagua tu kwamba vichwa vya riveti vimezama chini ya uso. Kichwa kilichobaki juu kitaikwangua dramu uliyotoka kuichonga kwa pesa yako.

Mtego unaonikera zaidi uko kwenye paipu. Land Rover za zamani zina uzi wa inchi, 3/8 UNF, wakati spea nyingi za leo, na hata gari zenyewe za miaka ya mwisho, zina uzi wa milimita, M10. Nati ya M10 haiingii kwenye tundu la inchi, kwa hiyo utagundua mapema. Hatari ni kinyume chake: nati ya inchi kwenye tundu la M10 inaingia, inazunguka kwa raha, unahisi imeshika. Haijashika. Siku utakayokanyaga kwa nguvu zote ndiyo siku itakayochomoka. Kila nati ianze kwa vidole na ishike bila kuchezacheza, ndipo upeleke spana.

Raba za silinda osha kwa mafuta ya breki yenyewe. Petroli, dizeli na oili ya injini huzivimbisha. Mipira ya breki, ile mirija laini inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, nunua mipya na uitazame kwa makini, kwa sababu mpira uliokaa dukani miaka 20 ndani ya nailoni ni mzee vilevile. Mpira mbovu unaweza kuvimba kwa ndani ukageuka vali: mafuta yanakwenda, hayarudi, gurudumu linabaki limebana na dramu inaungua.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyobaki ndani ya paipu na silinda, ndiko kunakowatoa watu jasho, hasa zile silinda mbili za mbele, hewa inapenda kujificha nyuma ya pistoni. Kinachonisaidia ni kulegeza ajasta (bolti za kusogeza breki shuu karibu au mbali na dramu) kabisa kabla ya kuanza, springi zivute breki shuu ndani na pistoni zirudi mpaka mwisho. Nafasi ya hewa inabaki ndogo. Anza na gurudumu lililo mbali na masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali. Kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto. Anayekanyaga akanyage taratibu, asipampu kama anajaza baiskeli upepo. Halafu rudisha ajasta: kaza mpaka gurudumu ligome, legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke. Mbele kila breki shuu ina ajasta yake, usiiruke ya pili.

Hapo pedali yenyewe itakuambia. Ikizama mara ya kwanza na kupanda ukirudia kukanyaga, ni ajasta. Ikibonyea laini kila mara, bado kuna upepo. Ikishuka polepole huku umeikanyaga na hakuna panapovuja nje, masta silinda inapitisha ndani.

Mafuta ya breki weka ya daraja la DOT 4 kutoka kwenye kopo lililofungwa. Kiwango chake kinataka yasichemke chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kinakubali hadi 155 tu. Kwa safari za mjini hutaona tofauti. Teremka mlima Kitonga kule Iringa na mzigo ukiwa umekanyaga breki muda wote ndipo utajua: yakichemka yanakuwa mvuke, pedali inakwenda hadi sakafuni. Kilichobaki kwenye kopo la mwaka juzi kisirudi kwenye gari.

Majaribio fanya mahali peupe, mwendo wa kutembea kwanza. Siku za mwanzo usitegemee breki kali, breki shuu bado zinatafuta umbo la dramu. Zikishakaa pedali itashuka kidogo, rudia ajasta. Ukiwa chini huko, tazama kwa ndani ya tairi za nyuma kama kuna unyevu mpya.