Vichwa na Pembe Ukutani: Wasomaji Wanauliza

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Mwaka jana nilinunua nyumba ya mawe hapa Mkomani, Lamu, kutoka kwa familia ya kigeni iliyokuwa ikirejea kwao. Katika chumba cha juu wameniachia sanduku lenye kichwa cha nyati kilichokaushwa na kujazwa, jozi ya pembe ndefu zilizojipinda, na jozi nyingine ndogo zenye matawi, zilizopigiliwa pamoja na kipande cha fuvu kwenye ubao wa umbo la ngao. Juu ya fuvu pameandikwa kwa wino jina la mahali nisipopajua na mwaka 1908. Mke wangu anataka nivitupe vyote. Mimi natamani kuvitundika msanani, yaani ukumbini, kwa kuwa nyumba nakusudia kuipangisha wageni. Je, inafaa? Na nivisafisheje?
Msomaji wa Mkomani, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kabla hujashika nyundo, vigawe vitu hivyo mafungu mawili, kwa sababu lugha yetu imeviita vyote pembe na neno hilo limekwisha kuwatia watu wengi matatani. Pembe ya nyati, tandala au ng'ombe ni ala (kama ya kisu) ya dutu ileile ya kucha na nywele, iliyovikwa juu ya kiini cha mfupa. Haidondoki, bali hukua pamoja na mnyama maisha yake yote. Zile zenye matawi ni mfupa mtupu. Humea kila mwaka zikiwa zimefunikwa na ngozi laini yenye manyoya, ngozi hiyo hukauka na kubanduka, na baada ya msimu wa kupandana pembe zenyewe huanguka na nyingine huanza kuota. Mnyama mwenye pembe hizo hatupo naye huku: katika Afrika nzima anapatikana kiasili kaskazini tu, upande wa Aljeria na Tunisia. Ndiyo maana Kiswahili hakijakubaliana juu ya jina lake, wengine wakimwita kulungu, ambaye kwa kweli ni mnyama wetu mwingine kabisa, na wafasiri wa Biblia wakimwita ayala. Huo mwandiko wa wino juu ya fuvu ni desturi ya wawindaji wa Ujerumani na nchi za jirani, waliozoea kuandika pale pale kwenye mfupa mahali na siku waliyomwua mnyama. Kwa hiyo naamini hizo ndogo zilikuja Lamu ndani ya sanduku la msafiri, wala hazikutoka msitu wetu wa Boni.

Sasa fungu la wanyama wetu wa huku, lenye uzito kwa sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na mwaka uliofuata maduka ya nyara, yaani vichwa, pembe na ngozi za wanyamapori, yakafungwa. Kabla ya hapo biashara hii ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtaa wa Zimmerman, Nairobi, umepata jina lake kwa Mjerumani aliyekuwa na kiwanda cha kukausha na kujaza wanyama wa wawindaji. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, mtu anayekutwa na nyara bila kibali hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Kusema kwamba kitu ni cha kale, au kwamba ulikikuta ndani ya nyumba uliyoinunua, si kibali. Wenye nyumba waliotangulia huenda walikuwa na karatasi zao. Waandikie leo hii wakutumie, kisha ufike mwenyewe katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ukiwa na picha za vitu, hati ya mauzo ya nyumba na barua ya maelezo. Waulize pia kuhusu hizo za Ulaya, maana kuingiza kitu cha mnyama nchini nako kuna karatasi zake. Mpaka utakapojibiwa kwa maandishi, usiuze, usimgawie mtu, usivipakie mashuani kuvipeleka bara, Mokowe, na kwa jina la Mungu usivizamishe baharini usiku kwa hofu, kwa kuwa mtu anayeficha hufanana sana na mwizi.

Tuchukulie kibali kimepatikana. Kichwa cha nyati usikiguse kwa mikono mitupu. Tangu karne ya 18 mafundi wa kazi hii walikuwa wakipaka ngozi kwa ndani sabuni yenye aseniki ili wadudu wasiile, na waliendelea hivyo hadi miaka ya 1970 na kuzidi. Wengine waliongeza chumvi za zebaki, na baadaye DDT, dawa ya kuulia wadudu. Sumu hiyo haiishi kwa kuzeeka. Kiangalie kwa tochi kwenye kope, kwenye mashina ya masikio na kwenye mshono wa nyuma ya shingo: ukiona unga mweupe kama chumvi iliyokauka kwenye nguo ya mvuvi, fahamu ndiyo hiyo, na hata usipouona, kichukulie kichwa cha zamani kuwa kina sumu. Mimi mwenyewe zamani nilikipangusa kichwa cha kongoni kwa ufagio mkavu katika baraza ya hoteli moja ya Malindi, nikapata kikohozi cha siku tatu, na hakuna aliyekuwa ameniambia lolote. Vaa glavu na barakoa, fanya kazi nje mahali pasipo na upepo wala watoto, tumia brashi laini ukifuata mlalo wa nywele, na vumbi ulifunge ndani ya mfuko. Macho ni ya kioo. Yapanguse kwa pamba yenye unyevu kidogo. Chumbani wanamolala watoto kichwa hicho kisiingie kabisa.

Zile pembe ndefu, ambazo kwa maelezo yako nadhani ni za tandala, zichunguze kama zina vijineli vidogo vya udongo na uchafu vinavyochomoza kama vidole. Hivyo ni vya funza wa nondo wa pembe, ambaye chakula chake ni pembe kavu za wanyama waliokufa. Huyo hali mfupa, kwa hiyo zile za matawi ataziacha, na hapo mdudu atakuwa amekuthibitishia tofauti niliyoieleza hapo juu. Ala ya pembe ikiweza kuvuliwa kutoka kiini chake, ifunge ndani ya plastiki isiyopitisha hewa na uigandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili au zaidi; lakini lisiwe friji la samaki wa kuliwa. Usipake mafuta ya nazi, ingawa kila fundi atakushauri hivyo: yatang'aa wiki moja, kisha yatashika vumbi na kuita wadudu.

Kuhusu mahali pa kutundika, kuta za matumbawe hunyonya unyevu na kutoa chumvi, hasa kuta za nje na zile zilizo karibu na birika la maji ya kuogea. Tafuta ukuta wa ndani usiopigwa na jua, kwa kuwa jua huzipausha nywele za mnyama kama linavyopausha zulia. Msumari katika chokaa hautabeba kichwa cha nyati. Kuna usiku nilishtushwa na kishindo nikakuta kichwa kiko chini na bamba la chokaa la ukubwa wa sinia limebanduka nacho. Tangu siku hiyo hukiegemeza kitu kizito juu ya ubao uliofungwa kwenye boriti. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nakuomba uziache kwa sahani za kaure. Na usitundike vyote vitatu pamoja: ukuta mweupe wa Lamu ukipewa kitu kimoja unatosha, ukijazwa unakuwa ghala. Iwapo wageni wako huswali chumbani humo, upande wa kibla uwe mtupu. Hukumu ya ngozi na nywele mwulize sheikh wako, mimi si wa kutoa fatwa.

Mwambie pia mkeo kwamba pembe si ngeni katika nyumba zetu. Mbiu ilikuwa pembe kabla ya kuwa tangazo, akina mama hupiga vugo, yaani pembe ya nyati, kwa vijiti harusini, na siwa ya Pate, lile baragumu kubwa la sherehe, imechongwa kwa pembe ya ndovu. Tofauti ni kwamba hizo zilikuwa na kazi, na nadhani hilo ndilo linalomkera.

SWALI: Marehemu mume wangu alivua sulisuli hapa Malindi, akatengenezewa samaki wa kutundika. Sasa pezi la mgongoni limepasuka, na tumbo linatoa mafuta ya manjano yenye harufu. Je, ameoza?
Mama wa Malindi

JIBU: Pole, mama. Hakuoza. Wako ametengenezwa kwa ngozi halisi, na mafuta yaliyobaki kwenye kichwa na mapezi huvuja polepole miaka mingi baadaye. Wale wa faibaglasi hawafanyi hivyo. Rangi zote unazoziona ni za brashi, kwa kuwa sulisuli hupoteza buluu yake punde tu anapokufa, kwa hiyo usisugue kwa sabuni wala spiriti, utaondoa kazi ya fundi. Futa mafuta kwa kitambaa kikavu, mwondoe jikoni kama yuko karibu na joto, na pezi liungwe kwa karatasi nyembamba na gundi kwa upande wa nyuma. Mtu anayetengeneza mashua za faibaglasi ataiweza kazi hiyo, mradi umwambie asipake rangi juu ya pezi zima.

SWALI: Nimeonyeshwa gamba la ng'amba, linasemekana ni la kale. Ninunue?
Kijana wa Watamu

JIBU: Usinunue: ng'amba ni kasa wa baharini, na gamba lake nalo ni nyara kama zile za swali la kwanza. Na picha yake usiisambaze kwenye simu.